Je, Wajua? Ngumi Ina Sheria, Kubanwa Bado

Maparoni ni kata ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania. Huko safari ya kwenda kushtaki huanzia majini, na saa ya kuondoka hupangwa na kujaa na kupwa kwa maji. Sheria inampa nini mtu wa huko anayeteswa ndani ya ndoa?

Je, wajua kwamba kumpiga mwenzi kumekatazwa tangu 1971?
Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Ila kifungu hicho hakikuweka adhabu. Anayetaka mpigaji afungwe hukimbilia Kanuni ya Adhabu, ambako shambulio la kudhuru mwili lina kifungo cha hadi miaka mitano.

Je, wajua kwamba wanawake waliwazidi wanaume kwa kuhalalisha kipigo?
Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya tano walizosomewa, mojawapo ikiwa kuunguza chakula. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40.

Je, wajua kwamba kuna fomu mbili zenye namba 3, na zinakwenda njia tofauti?
Aliyejeruhiwa huchukua PF3 polisi, daktari anaijaza, nayo inakuwa ushahidi wa jinai. Anayetaka talaka anahitaji Fomu Namba 3 ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hiyo, shauri la talaka linaweza kutupwa hata baada ya hukumu kutolewa.

Je, wajua kwamba si lazima kila mtu apitie barazani?
Sheria ilitaka kila kata iwe na baraza lake, kwa hiyo hatua ya kwanza ingepaswa kuwa jirani hata kwa mtu wa Maparoni. Lakini kifungu cha 101 kimeacha mlango: mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane, shauri linaendelea bila baraza. Aliyekimbia kipigo usiku ana hoja ya kuieleza mahakama.

Je, wajua kwamba kumtesa mtu akili ni sababu ya talaka, lakini kumbana si kosa linalojitegemea?
Kifungu cha 107 kinataja ukatili wa mwili na wa akili. Sasa mchukulie mume anayekagua simu ya mkewe, anayemkataza kwenda kwao, anayeshika fedha zote mpaka nauli ya boti iombwe kwake. Hajamgusa, kwa hiyo PF3 haina jeraha la kuandika. Na katika delta, anayeshika nauli ameshika njia ya kwenda polisi, hospitali na mahakamani kwa pamoja. Mke huyo anaweza kuomba talaka kwa mateso ya akili. Kumfungulia mume kesi ya jinai kwa kumbana tu, hapo sheria haina jina la kosa.

Je, wajua kwamba Uingereza imekwisha kulipatia kosa hilo jina?
Tangu tarehe 29 Desemba 2015, England na Wales zinamwadhibu anayemdhibiti mwenzi wake kwa mfululizo wa vitendo vya kumtisha na kumtenga, hata asipompiga. Kifungo kinafika miaka mitano, sawa na kile cha shambulio la kudhuru mwili hapa kwetu.

Je, wajua kwamba Kenya imewataja hata wakwe?
Sheria yake ya 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani inahesabu ukatili wa kiuchumi, wa kihisia na hata wakwe kuingilia ndoa. Anayeteswa anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kudai talaka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania nayo inaruhusu mahakama kumzuia msumbufu, lakini shauri la ndoa liwe limefunguliwa, au talaka iwe imeshatoka.

Je, wajua kwamba Bi Hawa alishinda hoja akakosa mali?
Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa mahakama ilimwona ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Waliomfuata ndio walionufaika.

Je, wajua kwamba Uganda ilianzia kijijini?
Sheria yake ya 2010 inaruhusu malalamiko yapelekwe kwenye mahakama ya baraza la mtaa, ambayo inaweza kuamuru faini, fidia au kuomba radhi. Mkosaji akirudia, suala linakwenda polisi na kwa hakimu. Kwa kata kama Maparoni, hilo ni la kuigwa kwa tahadhari: wajumbe wa baraza la kijijini mara nyingi ni ndugu au majirani wa mtuhumiwa.