Sifuri ya Kitulo: Kwa Nini Msimbo wa Draiva Lazima Usomwe na Mtu wa Pili

Mwezi Julai uwanda wa Kitulo huweza kuamka ukiwa mweupe. Umande huganda juu ya nyasi, na mkulima wa viazi mviringo wa Makete hutoka nje alfajiri kuangalia shamba lake kabla hata ya kunywa chai. Majani yaliyopigwa na baridi ya namna hiyo hunyauka na kuwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Huku Nyanda za Juu Kusini, nyuzi sifuri ni habari ya kuaminika. Mtu wa Dar es Salaam akiona kipimajoto chake kinasoma sifuri atajua papo hapo kwamba kimeharibika. Mtu wa Makete atalifunga koti lake vizuri na kuamini alichokisoma.

Tofauti hiyo ina uzito katika kazi ambayo wengi hawajapata kuisikia: kuhakiki mabadiliko ya msimbo wa draiva. Vijana wanaosomea kompyuta Mbeya na Iringa hujifunza sana kuandika programu. Kazi ya kusoma programu ya mwenzako mstari kwa mstari, kwa nia ya kukamata kosa kabla halijamfikia mtu, inastahili heshima ileile.

Tuanze na maneno yenyewe. Draiva ni kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani: printa, kadi ya mtandao, kamera, kihisi cha joto. Ni mkalimani. Kompyuta inauliza kwa lugha yake, kifaa kinajibu kwa lugha yake, na draiva anasimama katikati. Akitafsiri vibaya, hakuna upande utakaojua kwamba umedanganywa.

Njia ambayo mazungumzo hayo hupitia wahandisi huiita basi, na jina hilo lina asili moja na lile gari la abiria. Neno la Kilatini lililozaa yote mawili lina maana ya "kwa ajili ya wote". Basi linalotoka stendi ya Igumbilo mjini Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako na Chimala. Watu wa miji yote hiyo hawajengewi kila mmoja barabara yake. Vivyo hivyo ndani ya kifaa cha elektroniki, vihisi vingi hutumia nyaya zilezile.

Basi mojawapo linalotumika sana duniani ni I2C, lililobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982. Lina nyaya mbili tu. Mmoja hubeba data, mwingine hupiga mapigo ya saa, na kasi yake ya kawaida ni biti 100,000 kwa sekunde. Kila kifaa kina anwani ya biti 7, kwa hiyo kuna nafasi ya anwani 128, ingawa baadhi zimetengwa kwa shughuli maalumu. Kompyuta huita anwani, na mwenye anwani hiyo peke yake ndiye anayepaswa kujibu.

Vifaa vya namna hii viko karibu kuliko tunavyodhani. Ukivuka mpaka pale Tunduma unaingia Zambia, moja ya nchi ambako vimefungwa vituo vya hali ya hewa vya 3D-PAWS. Mradi huo ulianzishwa na taasisi ya UCAR ya Marekani, na vituo vyake vimefika pia Kenya na Uganda. Sehemu nyingi za kituo huchapwa kwa printa ya 3D ili ikivunjika moja, nyingine ichapwe hapohapo nchini. Ndani ya vituo vya awali mna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na vihisi vyake vingi huzungumza nayo kupitia I2C.

Sasa tusogee karibu, tutazame kosa moja linavyozaliwa.

Chukua kihisi cha joto cha LM75, ambacho ni cha bei nafuu na kinajulikana sana. Kinapoulizwa joto, hutuma baiti mbili. Ya kwanza ina nyuzi kamili, ya pili ina ile nusu nyuzi, kama ipo. Nyuzi 15 hufika kama 15 kisha 0. Lakini kanuni ambayo kompyuta hutumia kusoma jozi ya baiti kwenye basi hili huichukulia baiti inayotangulia kuwa ndiyo ndogo. Hivyo draiva inapaswa kuzigeuza kwanza, ndipo isome.

Wazee wa pwani wanalielewa jambo hili kuliko wanavyojua. Sisi wengine tunasema ishirini na tano, tukitanguliza makumi. Wao waliwahi kuhesabu kwa njia ya Kiarabu, wakasema hamsa wa ishirini, tano kwanza na ishirini baadaye. Idadi ni ileile. Lakini karani anayeandika tarakimu kwa mfuatano anaousikia, bila kujua msemaji anatumia desturi ipi, ataandika 52.

Tuseme basi kijana mmoja ametuma kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo. Ameona draiva inatumia amri ya kusoma na kugeuza, akadhani kugeuza ni kazi ya bure, akaweka amri ya kusoma tu. Mstari umekuwa mfupi na unapendeza. Matokeo yake? Nyuzi 15 kamili zitasomeka 0. Nyuzi 15 na nusu zitasomeka 128 chini ya sifuri. Kila kipimo kizima kilicho juu ya sifuri kitakuwa sifuri, na kila chenye nusu kitaruka kuzimu.

Hapo kosa bado liko wazi. Lakini wiki inayofuata mtu mwingine anatuma kiraka cha pili. Ameona zile namba za ajabu, akaongeza kichujio: LM75 hupima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake, kwa hiyo kipimo chochote kilicho nje ya hapo kitupwe. Hoja yake ni nzuri. Ukikisoma kiraka chake peke yake, utakipitisha. Ila sasa zile kelele zilizokuwa zikishtaki kosa la kwanza zimenyamazishwa, na kilichobaki ni sifuri tupu.

Ongeza jambo la tatu: ripoti inayomfikia mkulima haionyeshi joto la saa kwa saa, inaonyesha joto la chini kabisa la usiku. Juni, Kitulo: sifuri. Julai: sifuri. Nani atauliza? Mkulima anafunika miche yake usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila alfajiri anakuta hakuna umande ulioganda. Mwisho anaacha kuisikiliza ile mashine. Usiku baridi inapokuja kweli, onyo linakuwa halina msikilizaji.

Mhakiki anayeujua uwanda huo ana swali ambalo mwenzake wa mji wa joto hatalifikiria: je, sifuri hii inaweza kuaminiwa mahali ambapo kifaa kitafungwa? Ujuzi wa mahali ni sehemu ya uhakiki sawa na ujuzi wa lugha ya programu.

Umeme nao una somo lake. Kompyuta ikikatikiwa umeme na kuwaka upya katikati ya kusoma kihisi chenye betri yake, kihisi kinaweza kubaki kimeushikilia ule waya wa data, kikingoja mapigo ya saa yaliyokatizwa. Basi zima linakwama. Hakuna kifaa kingine kinachoweza kusema. Dawa imeandikwa katika kanuni za I2C zenyewe: piga mapigo tisa ya saa ili aliyekwama amalize sentensi yake na kuuachia waya. Mwandishi anayefanya kazi penye umeme usiokatika anaweza kusahau kuweka dawa hiyo. Anayeishi na kukatika kwa umeme ataitafuta kwanza.

Mahali ambapo utaratibu wa kuhakiki umekomaa hadharani ni katika kiini cha Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao leo uko ndani ya kila simu ya Android. Zaidi ya nusu ya msimbo wa kiini hicho ni draiva. Kila eneo lina msimamizi wake. Kiraka hutumwa mbele ya watu wote, husomwa, huulizwa maswali, hurudishwa, na huweza kuja toleo la pili, la tatu au la kumi. Kikikubaliwa, jina la aliyekiandika na majina ya waliokihakiki hubaki katika kumbukumbu milele. Kosa likigundulika miaka mitano baadaye, inajulikana nani aliandika na nani alisema "nimesoma, kiko sawa".

Hata hivyo macho mengi hayaoni kila kitu. Mwaka 2008, wakati wa majaribio ya toleo la 2.6.27, kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zilianza kufa. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi, inayoshika utambulisho na mipangilio yake, ilikuwa imeharibiwa kwa kuandikwa data nyingine juu yake. Watu waliitazama draiva kwa shaka kwa majuma kadhaa. Chanzo kilikuwa kwingine: chombo cha kufuatilia mwenendo wa kiini kilikuwa kimehifadhi orodha ya mahali pa kuandika katika kumbukumbu ya kompyuta. Baadhi ya mahali hapo palikuwa pameachiliwa, kisha pakapewa vifaa vingine, na chombo kikaendelea kuandika. Ni kama barua inayopelekwa nyumba ambayo mpangaji wake amekwisha kuhama. Draiva ilirekebishwa ili kumbukumbu ya kadi ifungwe isiandikwe ovyo, na kile chombo kikazimwa katika toleo lile.

Tukio la 2021 lilihusu imani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama wahakiki wangezigundua. Aprili mwaka huo, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kiini, aliizuia michango ya chuo hicho, na viraka vya awali vilivyotoka huko vikaanza kupitiwa upya. Watafiti waliomba radhi. Hasira ya wasimamizi inaeleweka: saa ya mhakiki anayejitolea ni mali adimu, na kuitumia kwa kumtega ni kumwibia.

Mbeya na Iringa zina pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina mizizi katika chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986, na kinafundisha uhandisi na kompyuta chini ya safu ya milima ambako baridi si hadithi. Iringa ina vyuo vikuu vinavyofundisha teknolojia ya habari. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kiko pembeni mwa jiji la Mbeya. Mwanafunzi wa hapa anaweza kufungua msimbo wa draiva ya LM75 usiku huu huu, akausoma wote, kwa kuwa uko wazi kwa kila mtu. Haombi ruhusa ya mtu. Kinachohitajika ni mwalimu atakayempa alama kwa kosa alilolikamata katika kazi ya mwenzake, kama anavyompa kwa programu aliyoiandika mwenyewe.

Na uhakiki hauishii kwenye skrini. Mhakiki makini wa kile kiraka cha kwanza ataunganisha kihisi kwenye meza yake, atakiwasha, kisha atakibana kwa vidole viwili. Vidole vya mtu mzima katika chumba cha kawaida huwa na joto la nyuzi 30 hivi. Anangoja. Namba inapaswa kupanda polepole. Inabaki 0. Anakibana tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, macho yakiwa kwenye namba ileile isiyosogea. Halafu anarudi kwenye kibodi na kuandika chini ya ule mstari uliofupishwa: "Nimekipasha moto kwa mkono, bado kinasoma sifuri. Tafadhali rudisha kugeuza baiti, kisha tuma toleo la pili."