Mimi na Toutou walipita kwetu Sakania

Siye watu wa sindika, kazi yetu mingi ni kungojea. Tunangojea mukubwa atupokee, tunangojea mushahara, na hapa Sakania tunangojea pamoja na mashofere, maana mustari wa makamio ya shaba yanayoenda Zambia unaweza kusimama siku na siku. Njo mu ule mustari mwenzetu mumoja aliazima kitabu kwa shofere wa Ndola. Alex Capus, mutu wa Uswisi, alikiandika kwa Kijerumani mwaka 2007. Ile tuliyopata ilikuwa ya Kiingereza, na mwenzetu anayejua Kiingereza alikuwa anatusomea kila mangaribi, anageuza mu Swahili. Tulicheka mpaka machozi. Kiisha tukanyamaza, juu tuliona kama habari ile ilipita hapa, juu ya reli yetu.

Ni roman, lakini mambo yake makubwa yalitokea kweli. Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya karibu metre 70, Graf von Goetzen. Wakaifungua vipande-vipande, wakaitia mu makasha kama 5.000, wakaituma Dar es Salaam, kiisha na treni mpaka Kigoma. Wafanyakazi watatu wakaifuata ili waiunge tena: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Mwaka 1914 vita ikaanza, na meli ya kubeba watu na mizigo ikawekewa muzinga. Kila delege sindikali anajua mambo ya namna hii: unatia saini kontra ya kazi moja, unakuta ingine. Kwetu mara mingi inabadilika saa ya kazi tu, haigeuki muzinga.

Waingereza nao hawakuwa na meli juu ya ziwa Tanganyika. Muwindaji mumoja, John Lee, akaenda London mwaka 1915 kuwaambia wakubwa wa bahari: mulete mashua mbili ndogo, zipande treni toka Cape Town mpaka Katanga, kiisha zivutwe mu pori. Wakakubali! Kazi wakamupa ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Alitaka kuita zile mashua Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, na wakubwa wakapitisha. Musomaji wa gazeti hili hana lazima tumufasirie Toutou ni nani.

Mu mwezi wa saba 1915 zile mashua, kila moja ya metre 12 hivi, zilipita Rhodesia juu ya mavagon, zikaingia Congo kwa mulango wa Sakania. Reli ilikuwa imefika hapa tangu 1909. Tarehe 26 zikafika Elisabethville, kiisha Fungurume. Pale reli ikaisha.

Toka pale mpaka Sankisia ni milima ya Mitumba, zaidi ya kilometre 200 za pori. Trakteri mbili za moshi zilivuta, na ng'ombe walivuta pale trakteri zilishindwa. Lakini trakteri haipiti pahali hakuna njia. Mamia ya watu walikata miti, wakajaza mashimo, wakaunga madaraja zaidi ya mia moja. Na siye tunaotumika na mashini tunajua: mashini ya moshi inakunywa maji, na maji ikiisha hakuna mutu atabaki karibu yake. Ilikuwa wakati wa jua kali, mito imekauka. Wanawake wa vijiji njo walibeba maji ku kichwa, mu mitungi, kunywesha trakteri ya watu wa London.

Hapa kicheko ilitukwama. Jina la muwindaji tunalo, jina la ofisa tunalo, mashua zenyewe ziko na majina kama ya batoto wa nyumba. Jina la mwanamuke hata mumoja wa mitungi hatukulipata.

Mwisho wa mwezi wa kumi mashua zilifika Lukuga, Kalemie ya leo, kwa mutoni Lualaba na kwa reli ya Kabalo. Spicer-Simson alikuwa anavaa jupe ya kaki, mwili wote umechorwa chanjo, na watu wakamupa jina Bwana Chifunga-tumbo. Tarehe 26 Desemba alikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, mu dakika chache, akaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 akazamisha Hedwig von Wissmann. Halafu Goetzen ikatokea, na Bwana Chifunga-tumbo akakataa kuigusa. Kiisha Wajerumani walitosha muzinga wake mukubwa wapeleke kwa vita ya inchi kavu, wakaweka pahali pake muzinga wa mti.

Kule nyuma, shaba ya Katanga ilikuwa inaenda kutengeneza risasi na makombora. Askari wa Force Publique waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi, zaidi ya 200.000 mu vita ile yote, wengine walikufa na njaa na magonjwa. Hao hakuna mutu aliwachekesha.

Kitu moja tu mu kitabu kilitufurahisha bila kutuumiza. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani walikimbia Kigoma, na wale wafanyakazi watatu wakaamriwa wazamishe meli waliyoiunga na mikono yao. Wakazamisha. Lakini mbele ya kuzamisha, walipaka mashini yote mafuta mazito, ili kutu isiile. Mukubwa anasema uua kazi yako, na wewe unaiua namna itafufuka. Waingereza wakaitosha mu maji mwaka 1924, na tangu 1927 ikatembea na jina Liemba. Mwaka 1997, baada ya vita ya kwetu, ilirudisha Congo wakimbizi zaidi ya 75.000. Ilikuwa na mashini ileile? Mwenzetu mumoja, mekanisie, alituuliza. Mashini ya moshi ilibadilishwa na ya mazutu miaka ya 1970. Ilikuwa imetumika miaka mingi, na ile mafuta ya 1916 njo iliilinda.

Mekanisie alitaka kusikia ile pasaje mara ya pili. Tulimaliza kitabu mbele kamio ya shofere ifike duwane.