Rangi za Daftari Zisibadili Maana

Wanachama wengi wanaujua mchele wa Mbeya kwa kuula, lakini ni wachache waliofika unakolimwa. Katika mkoa ule, chini ya milima, umetandaa uwanda wa Usangu, na hapo ndipo ulipo mji wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali. Mpunga wa huko hunyweshwa kwa mifereji inayochota maji katika mito iingiayo Ruaha Mkuu. Maji hayo yana wenyewe wengi: wakulima, wafugaji, wanyama wa Hifadhi ya Ruaha, na huko chini mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Hata sisi visiwani tumo katika hesabu hiyo, maana Unguja imeungwa na umeme wa bara tangu mwaka 1980, na Pemba tangu 2010.

Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Basi maji hayawezi kuchotwa kila mtu apendavyo; hapana budi yagawiwe kwa zamu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, na jumuiya inayogawa zamu haina budi kuziandika.

Siku hizi daftari za namna hii huandikwa katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye visanduku, na faili moja hupita mikononi mwa watu wengi. Ili jicho lione upesi, visanduku hutiwa rangi. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka kuieleza. Tumechagua mfano wa Rujewa kwa kuwa mche wa mpunga ukikosa maji haungoji kikao cha kamati.

Tuseme mfereji mmoja una katibu wake, naye ana kompyuta ya siku nyingi. Buluu kwake ni "fungua maji", manjano ni "ngoja", nyekundu ni "funga". Anapeleka jedwali lake ofisini, na karani mwenye kompyuta mpya analinakili ndani ya kitabu kikubwa cha mifereji yote. Visanduku vyote vya manjano vinageuka buluu. Hakuna aliyekosea hesabu wala aliyefuta neno, lakini sasa jedwali linasema kila aliyeambiwa angoje afungue. Maji yakifunguliwa juu, shamba la mwisho wa mfereji hupata tope. Ugomvi ukizuka, kila mmoja atashika faili yake na kuapa kuwa ndiyo ya kweli.

Hili si jambo la kubuni tu. Ndivyo programu inavyofanya kazi. Katika Excel, rangi za safu za juu ni rangi za mandhari. Ukichagua mojawapo, faili haiandiki kuwa ni manjano. Huandika nafasi yake tu, mathalani "pambo la nne". Kila faili ina mandhari yake ya rangi 12, na jedwali likihamia faili nyingine, nafasi ile hujazwa rangi ya mwenyeji wake. Katika mandhari ya kawaida ya mwaka 2013, pambo la nne lilikuwa manjano ya dhahabu. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ilibadili mandhari hiyo, na pambo la nne likawa buluu. Faili za zamani zaidi, za Excel 97 hadi 2003, zilikuwa na kibao cha rangi 56 tu, na kila faili iliweza kuwa na kibao chake. Google Sheets nayo ina mandhari kwa kila faili.

Kuna na kosa la pili. Mtu huchanganya rangi yake maalumu, ikampendeza. Rangi hiyo hubaki katika faili ile. Akianza faili nyingine huichanganya tena kwa jicho, ikatoka karibu na ile ya kwanza lakini si yenyewe. Jicho huziona rangi mbili hizo kuwa moja. Kompyuta ikiambiwa ichuje kwa rangi huzitenga, na majina mengine yakaachwa nyuma.

Dawa yake mshonaji anaijua. Akimtuma mtoto dukani kununua uzi, hamwambii "leta wa kijani" tu. Humpa kipande cha kitambaa akalinganishe. Katika kompyuta kipande hicho ni namba. Kila rangi hufanywa kwa nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Rangi iliyoandikwa kwa namba haifuati mandhari, hubaki vile vile kila iendako.

Haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, patana rangi chache, nne au tano, na maana ya kila moja. Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, waliteua rangi nane zinazotofautika hata kwa macho yasiyopambanua nyekundu na kijani. Na watu wenye macho hayo wapo, hasa wanaume. Tatu kati ya hizo zatosha kuanzia: samawati 86, 180, 233, manjano 240, 228, 66, na nyekundu ya machungwa 213, 94, 0.

Pili, zitie kwa kufungua mahali pa rangi zaidi na kuandika namba, wala usichague kwa jicho. Mahali pengine huombwa namba ya herufi sita; hizo ni 56B4E9, F0E442 na D55E00.

Tatu, tengeneza faili moja ya mfano, yenye rangi na maana zake juu ya ukurasa wa kwanza, na kila jedwali jipya litokane na hiyo. Mtu mmoja awe mtunzaji wake.

Nne, na hili ndilo kubwa: andika neno pia. "Ngoja" ibaki "ngoja" hata kisanduku kikigeuka rangi, au ukurasa ukichapwa kwa wino mweusi. Tena fomula za kawaida huhesabu maneno na namba, hazihesabu rangi.

Nasi wenye mikarafuu tuna zamu zetu. Daftari la wachumaji lina pishi alizochuma kila mtu, aliyelipwa na anayedai. Daftari la mauzo lina madaraja ya karafuu. Rangi ya "amelipwa" ikiingia kwenye jina la asiyelipwa, atakayedhulumiwa ni mtu aliyepanda mkarafuu tangu alfajiri, na huenda hana hata karatasi ya kumtetea.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila tawi liteue mtunza rangi wake, na faili ya mfano iwe tayari kabla ya msimu wa kuchuma.