Kijana Anayejifundisha Katuni za Kompyuta: Tumsikilize Kabla ya Kumkataza

Baada ya Swala ya Isha, mzazi mmoja alitusubiri barazani mwa msikiti. Ombi lake lilikuwa moja: tumnasihi mwanawe aachane na kompyuta. Kijana amemaliza kidato cha nne. Mchana humsaidia baba yake dukani, na usiku, kwa maneno ya baba, "anachezea katuni". Kilichomchoma mzee zaidi ni kauli ya kijana kwamba anataka katuni hizo ziwe kazi yake ya maisha.

Tulimwita kijana, tukamwomba atuonyeshe anachokifanya. Akatufungulia mpira unaodunda sakafuni, basi. Uliruka mara nne, kila mruko mfupi kuliko uliotangulia, kisha ukatulia. Baba akaguna. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba mpira ule ulimchukua wiki mbili, kwani wa kwanza ulionekana mwepesi kama puto, na wa pili mzito kama jiwe.

Hapo tulitambua kuwa huu ni ufundi, kama ulivyo useremala. Filamu kwa kawaida huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Fundi huweka mikao mikuu, kompyuta ikajaza picha za katikati. Lakini kompyuta haijui uzito wa kitu. Jicho la fundi ndilo linaloamua wapi mwendo upungue na wapi uongezeke, na jicho hilo halipatikani ila kwa kurudia kazi mara nyingi.

Zana yenyewe haimgharimu mzazi kitu, ukiondoa kompyuta na umeme. Programu anayoitumia kijana, Blender, hutolewa bure. Mwaka 2002, baada ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki kufungwa, mwasisi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, aliomba michango ili programu hiyo iachiwe watu wote. Euro 100,000 zilizohitajika zilipatikana ndani ya wiki saba.

Kwa programu hiyohiyo, Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza Flow, filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Yeye hakupitia chuo cha filamu. Alijifunza kwa kutenda. Hata hivyo, tusiichukue habari hiyo kuwa ahadi. Mwaka 2012, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alitengeneza filamu fupi ya paka anayeogopa maji. Flow, nayo ikiwa ni ya paka na maji, ilitoka mwaka 2024. Katikati alikamilisha filamu fupi kadhaa, na moja ndefu aliyoifanya peke yake. Mwenye kuitamani tuzo na aihesabu kwanza miaka hiyo 12.

Baba alikuwa na hofu nyingine, ambayo hakuitaja hadi mwisho. Kazi hii kwa Kiswahili huitwa uhuishaji, na kuhuisha ni kutia uhai. Je, si kuingilia jambo lisilokuwa la mja? Wanazuoni wametofautiana kuhusu sura za viumbe wenye roho, na si kazi ya katibu wa kamati kuamua baina yao. Tulimshauri amuulize sheikh anayemwamini mapema, kabla kijana hajazama. Pia tulimkumbusha kuwa ufundi huu haukomei kwenye wanyama na watu: nyumba ambayo haijajengwa na pampu ya maji inavyofanya kazi ndani yake navyo huonyeshwa kwa njia hiyohiyo.

Na riziki je? Kazi zipo: matangazo, michoro ya majengo, vipindi vya mafunzo. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimekuwa kikiwafundisha watoto hesabu na sayansi tangu mwaka 2014. Lakini mwajiri hutaka kuona kazi iliyokamilika, na vijana wengi wanaojifundisha wana vipande vingi walivyovianza na hawana hata kimoja walichokimaliza.

Basi tukawapatanisha. Kijana ataendelea na duka mchana, atalala mapema ili asikose Alfajiri, na ndani ya miezi sita atakamilisha filamu ya dakika moja, yenye mwanzo na mwisho. Baba naye hataiita mchezo, na kila Ijumaa jioni ataketi aangalie ilipofikia.

Hatujui kama kijana huyu atakula kwa jasho la kazi hii. Tunalolijua ni kwamba Ijumaa iliyopita baba alituambia, bila kuulizwa, kuwa mlango katika filamu ya mwanawe unafunguka kwa haraka mno, na kwamba amemwambia aurekebishe.

Wabillahi tawfiq.