Nyuma ya mtangazaji wa London kuna redio ya mtaani

Vijana wengi wa Kalemie, mji wa mashariki mwa Kongo, na watoto wetu huku Ulaya pia, wakimwona mwandishi wa televisheni ya Uingereza amesimama mbele ya kambi ya wakimbizi, hudhani amefikishwa pale na shahada kubwa, Kiingereza safi na bahati. Historia ya kazi hiyo inasema vingine. Wengi waliovuma walianzia kwenye vyombo vidogo visivyojulikana mbali, na habari za Afrika zilizowavumisha zilibebwa na Waafrika waliotangulia kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kijana anayeripoti leo kwenye redio ya Kalemie tayari ameshaishika njia hiyo. Kinachokosekana ni malipo na heshima ya kumwezesha kuendelea.

Tumchukue Michael Buerk wa BBC. Hakusoma chuo kikuu. Alitaka kuingia jeshi la anga, akakwama kwenye kipimo cha macho, ndipo akaajiriwa na gazeti la Bromsgrove, mji mdogo wa katikati ya Uingereza. Kutoka hapo alipitia gazeti la Cardiff, Daily Mail, kisha redio ya BBC ya Bristol iliyofunguliwa 1970, kabla ya kujulikana kwenye televisheni. George Alagiah, mzaliwa wa Colombo aliyekulia Ghana, alifanya kazi miaka kadhaa kwenye jarida la South kabla ya kuingia BBC mwaka 1989. Baadaye akaripoti Afrika kutoka Johannesburg, na hatimaye akawa msomaji wa taarifa ya saa kumi na mbili jioni. Chombo kidogo hufundisha mambo ambayo kamera haifundishi: kukaa mahakamani mpaka kesi iishe, kuandika jina la mtu bila kulikosea, na kukutana kesho yake sokoni na yule uliyemwandika jana.

Tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilipoonyesha njaa ya Korem, Ethiopia, sauti ilikuwa ya Buerk, lakini picha zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Kamera yake ilipita polepole alfajiri ya baridi juu ya maelfu ya watu waliojifunika shuka chakavu, wengine wakiwa tayari maiti. Dunia ilichanga kwa sababu ya picha hizo. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, uliomuua fundi wake wa sauti, John Mathai. Hata hivyo alirudi kazini, hadi alipofariki 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka Komoro. Ukisimulia safari ya Buerk bila Amin, umesimulia nusu.

Wapo watakaosema pasipoti na lugha ndizo zinazoamua. Zina uzito kweli, lakini hazifungi kila mlango: Zuhura Yunus, Mtanzania, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza Dira ya Dunia, taarifa ya habari ya televisheni ya BBC, kutoka London, na alitangaza kwa Kiswahili, lugha ambayo Kalemie inaamka na kulala nayo. Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Mwandishi wa Kongo asiye na mshahara wa maana huishi kwa coupage, pesa anayopewa na aliyemwita kuripoti, na anayelipwa na mkubwa hawezi kumhoji mkubwa huyo. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo iliyoanza 2002 na kuwa na kituo Kalemie, imeonyesha kwamba mwandishi anayelipwa vizuri anaweza kuripoti vita vya Watwa na Waluba bila kuegemea upande. Kwa hiyo sisi wa ughaibuni, tunaosambaza habari za nyumbani bure kila siku, tuchangie mishahara ya redio ndogo za Tanganyika, mkoa wa Kalemie, na tudai kila timu ya kigeni imlipe mwenyeji aliyeiongoza na kulitaja jina lake kwenye ripoti, isipokuwa pale ambapo kutajwa kungemhatarisha.