Viroboto kwa Paka wa Ndani: Dawa ya Mahindi ni Sumu kwa Paka, Nusu ya Kazi ni Usafi wa Nyumba

SONGEA – Katika kaya nyingi za Manispaa ya Songea na vijiji vinavyoizunguka, paka ni mlinzi wa mahindi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa uzalishaji wa zao hilo nchini, na baada ya mavuno sehemu kubwa ya chakula cha kaya huhifadhiwa kwenye magunia, ndani ya nyumba ileile wanamolala watu. Palipo na magunia hufika panya, na palipo na panya hufugwa paka. Paka huyo hulala juu ya magunia, jikoni karibu na meko, au kitandani pamoja na watoto.

Kwa sababu hiyo, paka anapopata viroboto tatizo huwa la nyumba nzima. Watoto huamka wakiwa na vipele vinavyowasha miguuni na kiunoni, paka hujikuna usiku kucha, na mwenye nyumba hutafuta dawa iliyo karibu. Mara nyingi dawa iliyo karibu ni ile ya unga inayochanganywa na mahindi ili kuzuia dumuzi, au ile ya kuogeshea ng'ombe. Wananchi wanatahadharishwa kuwa dawa hizo zinaweza kumuua paka ndani ya muda mfupi, huku viroboto wakiendelea kuishi ndani ya nyumba.

Kwa nini paka asiyetoka nje hupata viroboto

Wafugaji wengi hushangaa kuona viroboto kwa paka ambaye hatoki nje. Maelezo yake ni rahisi. Kiroboto haruki kwa mabawa kwa kuwa hana, lakini miguu yake ya nyuma humwezesha kuruka umbali wa takribani sentimita 30, kiasi cha kutosha kudandia suruali, kanga au mnyama anayepita. Huingia ndani na panya, na mbwa wa uani, na mbuzi wanaolala karibu na nyumba, na mikeka au magodoro yaliyotumika kwingine, na hata na nguo za mgeni.

Aina inayopatikana zaidi kwa paka ndiyo hiyohiyo inayowasumbua mbwa, na katika maeneo mengi ya Afrika hushambulia pia mbuzi na ndama. Kumtibu paka peke yake huku mbwa akiachwa hakutoshi.

Wananchi wanapaswa pia kutofautisha kiroboto wa paka na funza, ambaye baadhi ya watu humwita tekenya. Jike la funza huingia ndani ya ngozi, hasa ya vidole vya miguu, na kukaa humo hadi atoe mayai. Kiroboto wa paka hunyonya damu juu ya ngozi na hachimbi ndani, hivyo njia za kuwadhibiti hazifanani kikamilifu.

Viroboto wanaoonekana ni wachache

Jambo la msingi la kuelewa ni kwamba viroboto wazima wanaoonekana kwenye manyoya ya paka ni takribani asilimia 5 tu ya viroboto wote waliomo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyojificha kwenye nyufa za sakafu, chini ya mikeka, kwenye mishono ya magodoro, katikati ya magunia na mahali paka anapopenda kulala.

Jike huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili baada ya kunyonya damu kwa mara ya kwanza, na huweza kutaga mayai yapatayo 40 kwa siku. Majike 10 tu kwa paka mmoja yanaweza kuacha mayai 400 nyumbani kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya. Hudondoka kila mahali paka anapopita. Ndani ya siku chache huanguliwa na kuwa mabuu, ambayo hukimbia mwanga na kujipenyeza kwenye vumbi na nyufa. Chakula chao kikubwa ni kinyesi cha viroboto wazima, yaani damu iliyokauka inayodondoka kutoka kwa paka.

Kisha buu hujifungia kwenye kifukofuko chenye kunata kinachoshika vumbi na mchanga. Hatua hii ndiyo ngumu zaidi kudhibiti, kwa kuwa dawa nyingi hazipenyi kifukofuko, na kiroboto aliyemo anaweza kusubiri kwa wiki au hata miezi kadhaa. Huamshwa na mtikisiko wa hatua, joto la mwili na hewa inayotolewa na kiumbe anayepumua. Ndiyo maana familia inayohamia katika nyumba iliyokaa tupu kwa muda huweza kushambuliwa siku ya kwanza, ingawa haina paka.

Katika mazingira ya joto na unyevu, mzunguko wote hukamilika kwa takribani wiki 3. Msimu wa mvua, ambao Songea huanza kwa kawaida mwezi Novemba hadi Aprili, huwapa mabuu unyevu wanaouhitaji. Baridi na ukavu wa Juni na Julai hupunguza kasi hiyo, lakini karibu na meko na ndani ya matandiko viroboto huendelea kuzaliana.

Namna ya kuthibitisha

Mfugaji anaweza kuthibitisha uwepo wa viroboto bila gharama. Paka asimamishwe juu ya kitambaa au karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, kisha achanwe kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana, hasa shingoni na sehemu ya chini ya mgongo karibu na mkia. Punje nyeusi zikidondoka na kuacha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hizo si vumbi bali ni kinyesi cha viroboto. Viroboto watakaonaswa na kitana watumbukizwe mara moja kwenye bakuli la maji yenye sabuni. Wasipasuliwe kwa kucha.

Kwa nini dawa ya mahindi na ya ng'ombe ni hatari

Baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia nafaka zina viuatilifu vya kundi la permethrini na deltamethrini, au vya kundi la organofosfati. Dawa za kuogeshea mifugo huwa na saipamethrini, amitrazi au viambato vinavyofanana navyo. Ng'ombe na mbwa huweza kuvistahimili baadhi ya viambato hivyo kwa kipimo sahihi. Paka hawezi. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuvunjavunja permethrini, hivyo sumu hubaki mwilini kwa muda mrefu na kushambulia mishipa ya fahamu. Tena paka hujilamba mwili mzima, na kila kinachopakwa kwenye manyoya huishia tumboni.

Dalili za sumu hiyo ni kutokwa na mate mengi, masikio na misuli kucheza, kuyumba, kutetemeka na hatimaye degedege. Zinaweza kuanza ndani ya saa chache, au kuchelewa hadi siku 2 au 3. Paka mwenye dalili hizo au aliyepakwa dawa isiyo yake aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, afutwe akauke, afunikwe asipate baridi, na apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa pamoja na pakiti ya dawa iliyotumika. Asinyweshwe maziwa wala mafuta, na asilazimishwe kutapika.

Tahadhari hiyo inahusu pia dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambazo baadhi yake zina permethrini kwa kiwango kikubwa. Mafuta ya taa huunguza ngozi na kudhuru mapafu. Maji ya tumbaku yana nikotini inayopenya kwenye ngozi. Na kitunguu saumu, ambacho baadhi ya watu humlisha paka wakiamini kinafukuza viroboto, huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Matibabu sahihi ya paka

Zipo dawa za matone zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, zenye viambato kama fipronili au selamektini. Hudondoshwa kwenye ngozi ya kisogoni, mahali ambapo paka hawezi kujilamba, kwa kipimo kinachotegemea uzito wake, na kwa kawaida hurudiwa kila mwezi kulingana na maelekezo ya lebo. Daktari wa mifugo au Afisa Mifugo wa kata aulizwe kabla ya kununua, hasa kwa paka mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa au mdogo.

Paka wachanga wa chini ya wiki 8 hawapaswi kupakwa dawa bila ushauri wa mtaalamu. Hao huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, wakaushwe haraka, na kuchanwa kwa kitana kila siku. Wasipuuzwe, kwani viroboto wengi huweza kumaliza damu ya paka mchanga. Fizi zilizopauka na mwili kulegea ni dalili za kumkimbiza kwa daktari.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome lebo na kuhakikisha imetaja paka, kiambato, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usajili wa dawa za mifugo upo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na viuatilifu vinadhibitiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Dawa iliyofungashwa upya kwenye chupa ya maji au karatasi isiyo na lebo isinunuliwe. Kwa upande wa wataalamu, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inasimamia taaluma hiyo kupitia Baraza la Veterinari Tanzania, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalenga kumlinda mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima.

Usafi wa nyumba kwa miezi 3

Paka aliyetibiwa bila nyumba kusafishwa atashambuliwa upya. Hatua zifuatazo zinashauriwa kuanza siku ileile paka na mbwa wote wa nyumbani wanapopewa dawa:

Kwanza, matandiko, mashuka na vitambaa anavyolalia paka vifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi joto 60 au zaidi kila wiki. Magodoro na mikeka ianikwe kwenye jua kali na kukung'utwa mbali na nyumba.

Pili, nyumba ifagiliwe kila siku, hasa pembeni mwa kuta, chini ya vitanda na chini ya magunia, ambayo ni vyema yawekwe juu ya chaga. Taka zichomwe au zifukiwe. Kufagia huondoa mayai na chakula cha mabuu, na mtikisiko wake huwafanya viroboto waliomo kwenye vifukofuko watoke na kukutana na dawa iliyoko kwa paka.

Tatu, nyufa za sakafu na kuta zizibwe kwa udongo au saruji. Sakafu ya udongo yenye nyufa ni makazi mazuri ya mabuu.

Nne, iwapo italazimu kupulizia dawa ndani, itumike iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani. Chakula, vyombo na mahindi viondolewe au vifunikwe, na watu pamoja na wanyama watoke hadi dawa ikauke kabisa na hewa ipite.

Kazi hii iendelee kwa miezi 3 mfululizo. Kuona viroboto wapya wiki ya pili au ya tatu hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa. Hao ni wale waliokuwa kwenye vifukofuko. Kaya nyingi hukata tamaa wakati huo na kurejea kwenye dawa za hatari.

Afya ya familia

Kiroboto wa paka anaweza kubeba mabuu ya aina ya tegu. Mtoto akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya wakati wa kucheza na paka huweza kupata mnyoo huyo. Kinyesi cha viroboto hubeba pia bakteria wanaosababisha ugonjwa wa mikwaruzo ya paka, ambao huleta homa na kuvimba tezi. Mkwaruzo uoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni.

Tauni huenezwa hasa na viroboto wa panya. Nchini, ugonjwa huo uliwahi kuisumbua Wilaya ya Lushoto kuanzia mwaka 1980, na umeripotiwa pia Mbulu na Karatu. Si kila kiroboto wa paka huleta tauni, lakini panya wanapokufa viroboto wao huhama kutafuta damu kwingine, na paka aliyekula panya mgonjwa anaweza kuambukizwa. Hivyo, panya wakianza kufa kwa wingi bila kutegwa wala kuwekewa sumu, wasishikwe kwa mikono mitupu na taarifa itolewe kwa ofisi ya kata au kituo cha afya. Mtu mwenye homa ya ghafla na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni awahi hospitali, kwa kuwa tauni hutibika ikigunduliwa mapema.

Wananchi wa Songea na maeneo mengine wanakumbushwa kuwa paka anayelinda mahindi ya familia anastahili dawa yake mwenyewe, na dawa ya mahindi ibaki kwenye mahindi.