Kuumuka na Kuchacha: Mkate wa Nyumbani katika Nyanda za Juu

Mkate uliookwa Mombasa kwa vipimo fulani hauwi mkate ule ule ukiokwa Nyahururu kwa vipimo hivyo hivyo. Unga ni ule ule, hamira ni ile ile, na mikono inayokanda ni ya mpishi yule yule. Hata hivyo, kinyunga hufura upesi kikapita kingo za chombo, kisha kikitiwa katika joko hunywea na kubonyea katikati. Aghalabu lawama huiangukia hamira, ikadaiwa kuwa imeharibika, na pakiti nyingine ikanunuliwa bure. Hamira haina kosa.

Mji wa Nyahururu uko kwenye kimo cha mita 2,360 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Hamira hula sukari itokanayo na unga na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayojaza vipovu ndani ya kinyunga. Gesi ya kiasi kile kile, ikilemewa na hewa hafifu, hutanuka takriban theluthi moja zaidi. Ndiyo sababu kinyunga hufikia maradufu ya ukubwa wake mapema, kabla ya wakati uliotajwa katika kitabu cha mapishi, ambacho aghalabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi tambarare.

Hapa Kiswahili humfaa mpishi kuliko saa ya ukutani. Lugha hii inatenga vitendo viwili: kuumuka, yaani kufura, na kuchacha, yaani kupata ule ukali mdogo unaozaa ladha na harufu ya mkate. Pwani, vitendo hivi huandamana. Katika nyanda za juu, kuumuka hutangulia na kuchacha kukabaki nyuma. Kwa hivyo mkate uliofanyiwa haraka huwa mkubwa lakini chapwa.

Tiba yake ni kuipunguza hamira kwa robo hivi. Mpishi aliyezoea vijiko viwili vya chai vya hamira kavu kwa nusu kilo ya unga atie kimoja na nusu. Kinyunga kikishafura mara ya kwanza, kibonyezwe gesi itoke, kiachwe kifure tena, ndipo kifinyangwe. Wengi hukiweka kando ya moto kwa sababu ya baridi ya huko, na kwa kufanya hivyo huzidisha tatizo lile lile wanalolikimbia. Baridi hiyo inayolalamikiwa kila asubuhi ndiyo msaada mkubwa: kinyunga chenye hamira kidogo, kikifunikwa na kulazwa usiku kucha mahali pa baridi, hupata muda wa kuchacha.

Maji nayo yana shani yake. Hewa ya nyanda za juu, hasa wakati wa kiangazi, huukausha unga hata ukiwa ndani ya mfuko, hivyo kinyunga huhitaji vijiko viwili au vitatu vya mezani vya maji zaidi. Isitoshe, maji ya Nyahururu huchemka kwenye nyuzi 92 hivi za Selsiasi badala ya 100, na unyevu hutoka katika mkate upesi wakati wa kuoka. Inafaa joto la joko liongezwe, tuseme kutoka nyuzi 190 hadi 205, ili ganda lishike kabla vipovu havijatanuka na kupasuka. Anayeoka kwa sufuria, makaa yakiwa chini na mengine juu ya kifuniko, hana kipimo cha nyuzi. Yeye huongeza makaa ya juu mwanzoni, kisha akayapunguza ganda linapogeuka rangi. Mkate ukigongwa kwa kidole upande wa chini na kutoa mlio wa kitu chenye uwazi, umeiva, hata kama dakika za kitabu hazijatimia.